Haitengenezwi Tena

Sikuwahi kumwona akipiga. Nalisema hili mwanzo kwa sababu kila nikimsimulia mtu habari za Mzee wa Shabaha, swali la kwanza ni hilo: kwani mwenyewe alikuwa hodari? Nami hubaki nimeduwaa. Alifundisha watu kulenga miaka yote niliyomjua, nyuma ya bwawa la kuogelea la hoteli moja ya Diani, na watu walijifunza. Lakini kidole chake hakikugusa kifyatulio, angalau si mbele ya macho yangu, na macho yangu yalikuwa pale pale kwenye kibanda cha taulo, jirani na kiti chake. Kama kuna mtu angeona, ni mimi.

Kiwanja chake hakikuwa kikubwa. Mbele palikuwa na ukuta wa magunia ya mchanga na ubao wa kubandikia karatasi zenye duara, nyuma meza ndefu na kiti cha plastiki kilichopasuka mgongo, ambacho alikataa kisibadilishwe. Juu ya meza ndipo palipokaa bunduki ya upepo. Ilikuwa nzito, ya mbao ya rangi ya asali, imetoka Ulaya zamani, enzi ambazo hoteli yetu ilijaa hadi watu wakakosa vyumba. Haitumii baruti. Inakamua upepo ndani yake, kisha inausukuma kwa ghafla nyuma ya kidonge kidogo cha risasi, nacho kinatoboa karatasi. Sisi wafanyakazi tuliiita Upepo tu, kama jina la mtu. Asubuhi tungeulizana, "Upepo umeamka?" Msomaji alishike jina hilo, maana lilikuja kunitia wazimu.

Yeye naye hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mameneja walikuja na kuondoka, na kila mmoja alirithishwa funguo, madeni ya hewa baridi iliyoharibika, na Mzee wa Shabaha.

Mtu hakuweza kuishika ile bunduki kabla ya kusalimiana. Si salamu ya kupita, salamu kamili: umeamkaje, umelalaje, waliobaki nyumbani hawajambo? Aliwauliza hivyo hata Wajerumani, kwa Kijerumani chake cha kuokoteza, naye alisubiri jibu. Nilimwona mgeni mmoja mwenye haraka akinyoosha mkono kuichukua mezani. Mzee akaiweka mapajani kwake, akamtazama kwa upole, akaanza upya: habari za asubuhi? Yule mgeni alikasirika, kisha akacheka, kisha akajikuta anamweleza Mzee kwamba mama yake anaumwa. Ndipo akapewa. "Asiyeweza kukusalimu usimpe bunduki," Mzee aliniambia, na mpaka leo sijapata hoja ya kulipinga hilo.

Mimi mwenyewe alinitengeneza siku ya kwanza. Nilikuwa msichana wa Mackinnon Road, mahali ambapo malori hayasimami kwa salamu, nikamwambia, "Sasa, Mzee." Akageuka kutazama nyuma yake. "Sasa nini? Sasa hivi?" Nikaona haya, nikatoa shikamoo. "Marahaba, mwanangu," akajibu, na ile marahaba aliivuta taratibu, kama mtu anayepokea kitu kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo nilikuwa nampa shikamoo kila asubuhi, nusu kwa adabu na nusu kwa kutaka kuisikia.

Kulikuwa na jambo la tumbili. Tumbili wa Diani hawana haya wala hofu, wanaiba mkate mkononi mwa mgeni huku wanamtazama. Meneja mmoja akamwambia Mzee, "Si wewe una bunduki? Watishe." Mzee akajibu kwamba bunduki yake ni ya karatasi, na tumbili si karatasi. Tulimsifu sana kwa huruma yake. Kesho yake tumbili mmoja akamchukulia mahamri yake mezani, na mzee wetu mwenye huruma akavua kandambili akamvurumishia kwa matusi ya Kidigo ambayo mpishi alikataa kunitafsiria. Kandambili haikumpata tumbili. Ilitua bwawani. Akarusha ya pili, nayo ikamfuata mwenzake. Nilimwona akirusha viatu mara nyingi baada ya hapo, na hakuna siku aliyompata tumbili, hata aliyekaa tuli. Basi nikaanza kuwa na shaka zangu.

Nikamuuliza. "Mzee, mbona wewe hupigi?"

"Nina udhu," akasema.

Mimi ni Mkristo wa bara, nikaenda kwa askari wa getini kuuliza kama bunduki ya upepo hutengua udhu. Yule askari, mtu wa Gazi, alicheka mpaka akashika geti. Siku nyingine nilipouliza, jibu lilikuwa kwamba jicho limechoka. Siku nyingine akasema, "Mganga hajigangi." Na mara moja, alasiri ya mvua, wageni hawapo, alisema bila kuulizwa kwamba alipiga siku moja tu maishani mwake na ikatosha. Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Asubuhi yake nilipomkumbusha alinitazama kwa mshangao wa kweli kabisa, akasema hakuna maneno kama hayo aliyoyasema, labda nilisikia mvua.

Jikoni walidai alikuwa askari wa wanyama. Mtunza bustani aliapa kwamba alikuwa muadhini, sauti ikamwisha. Mwingine alisema alikuwa anawapeleka watalii Funzi, na kwamba bunduki aliijua kwa Mzungu mmoja huko. Kila habari ilikuwa na shahidi wake, na mashahidi wote walikuwa waongo wazuri. Mimi nilizichukua zote, nikazichanganya, nikashindwa kupata mtu mmoja ndani yake.

Lakini kufundisha alijua. Alikuwepo mama mmoja mgeni, mzee, aliyerudi kila mwaka, mikono yake inatetemeka hata kikombe cha chai kinamwagika. Alikuja kwa Mzee akiwa amejiandaa kuchekwa. Mzee hakuigusa mikono yake. Alisimama nyuma yake akasema maneno yale aliyowaambia wote, kwa Kiswahili, nao wote waliyaelewa sijui vipi: "Vuta pumzi. Nusu toa, nusu weka. Kwenye ile nusu uliyoweka, hapo ndipo upige." Yule mama alivuta, akatoa nusu, mikono ikatulia kwa kitambo kidogo tu, na kidonge kikaingia ndani ya duara jeusi. Alilia. Mzee akajifanya anaona kitu kwenye magunia.

Maneno hayo yakawa ya hoteli nzima. Mpishi akitaka kumjibu meneja vibaya, mwenzake alimwambia, "Nusu toa, nusu weka." Ukipewa umbea, hivyo hivyo. Nami nimeishi nayo mpaka leo, ingawa mara nyingi natoa yote.

Utunzaji wake wa ile bunduki ulikuwa wa ajabu kidogo. Aliipangusa kwa leso ya zamani ya mkewe, akaifunika kwa leso hiyo hiyo jioni kabla ya kuikabidhi stoo, na hakuruhusu mtu aiweke juani. Miwani yake mwenyewe aliikalia mara kwa mara. Meno yalimuuma akakataa kwenda hospitali, akisema vitu vya zamani havichokozwi.

Baada ya mvua za masika, hoteli ilipofunguliwa tena, mgeni wa kwanza alisalimiana vizuri, akavuta pumzi, akapiga, na Upepo ukakohoa. Sina neno jingine. Kidonge kilidondoka mchangani karibu kabisa na meza. Mzee aliifungua jioni hiyo mbele yangu. Ndani, washa, kile kipande cha duara kinachousukuma upepo, ilikuwa imechakaa na kuvunjikavunjika kama biskuti iliyosahauliwa. Haikuharibiwa na mtu. Ilizeeka tu ikiwa imekaa.

Wakati huo meneja alikuwa na msaidizi mpya, kijana wa bara kama mimi, mpole kusema kweli, ila Kiswahili chake kilikimbia. Alikuwa anatafuta mahali pa kujenga kibanda cha kukanda wageni, na jicho lake lilishaangukia kiwanja cha shabaha. Alisema waziwazi: bunduki ikipona kabla ya msimu wa wageni wengi, shabaha itabaki. Isipopona, pale patajengwa. Hakusema Mzee atakwenda wapi, wala hakukuwa na haja ya kusema. Kubeba sinia hakuweza tena.

"Hapa mimi ni Mzee wa Shabaha," aliniambia, anazikusanya zile chembe za washa katika karatasi. "Nikirudi nyumbani ni mzee tu. Na wazee tu wako wengi, mwanangu, hata pa kukaa hapatoshi."

Niliumia kusikia hivyo, nikamtania ili nisilie. Nikamwambia akija Mackinnon Road tutampa kazi ya kulenga malori.

Bunduki haikuruhusiwa kutoka nje ya geti bila kibali cha polisi, kwa hiyo aliyetembea ni Mzee na karatasi yake ya chembe. Alikwenda Kona ya Musa, pale Ukunda, kwa fundi wa baiskeli, akapewa ngozi ya pampu, ikawa ndogo. Fundi wa majiko ya mafuta akampa nyingine, ikawa laini mno. Mwisho akasema kwao Msambweni yuko mshona makubadhi anayejua ngozi ya ng'ombe kuliko ng'ombe mwenyewe. Naye yule kijana, kwa upande wake, akaandika kwa wenye kiwanda huko Ulaya kuuliza kama wanaweza kutuma washa. Kila mmoja alikuwa anahangaika kwa njia yake, na wote walitaka jambo moja. Hilo nilikuja kuliona baadaye.

Siku ile Mzee alifika mapema, mkono mmoja mfukoni, uso umekunjuka. Nilimpa shikamoo yangu akaipokea vizuri kuliko siku zote. Akafungua mdomo kuniambia kitu, na papo hapo kijana akatokea njiani, simu mkononi.

"Mzee, shikamoo. Wamenijibu. Hiyo bunduki haitengenezwi tena."

Mzee akafunga mdomo. "Haitengenezwi?"

"Haitengenezwi tena kabisa. Ni ya zamani."

"Wamesema wenyewe?"

"Wenyewe wa kiwanda, Mzee. Sasa ni wewe uone tutafanyaje." Simu ikalia, akaenda zake.

Mzee akasema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari ya msiba. Alichukua leso akaifunika bunduki ingawa ilikuwa asubuhi. Kisha akatuaga mmoja mmoja, mimi, mtunza bustani, mpishi hadi jikoni kwake, akiuliza kila mtu habari za nyumbani. Mkono ule haukutoka mfukoni. Nilidhani anakwenda kwa fundi.

Hakurudi. Kesho yake tulimngoja, na wiki iliyofuata pia. Simu yake haikupatikana. Kijana akaniuliza mimi, mimi nikamuuliza askari, askari akamuuliza Mungu. "Si nilimwambia aone tutafanyaje?" kijana alilalamika. "Kiwanda hakina, basi atafute fundi wa hapa. Namngoja yeye!" Nami sikuelewa. Mtu aliyezunguka kwa mafundi wote wa Ukunda ataachaje kazi siku anayoambiwa aendelee? Nilimkasirikia. Nilidhani labda kweli hakuwa anapenda bunduki, labda miaka yote alikuwa anaigiza, na viatu vile vilivyotua bwawani vilikuwa vinatuambia ukweli.

Kisha mkewe akanipigia. Sauti ilikuwa inakatika. "Mwanangu, Mzee amepigwa na upepo."

"Na nini?"

"Na upepo! Toka juzi yuko ndani."

Simu ikakatika. Nilikimbia stoo huku taulo zinaanguka nyuma yangu. Nikamwambia mwenye stoo afungue, akafungua, na bunduki ilikuwa pale pale chini ya leso, imelala, kifua chake kitupu. Sasa nani amempiga? Na kwa kitu gani, ikiwa kitu chenyewe hakina washa? Nilimwambia kijana kwamba Mzee amepigwa na Upepo, naye akapauka. Alianza kuuliza juu ya polisi, juu ya kibali, nani alikuwa na ufunguo. Tulikuwa tunapigiana kelele getini, watu wawili wa bara, mpaka yule askari wa Gazi akatutenganisha.

"Dada, tulia. Huko kwenu mwasemaje? Kiharusi. Mzee amepata kiharusi, upande mmoja umelala."

Nikakaa chini pale pale kwenye kokoto. Sijui kwa nini, lakini kwa kitambo kidogo niliona afadhali angepigwa na bunduki.

Nilifika kwao Msambweni siku yangu ya mapumziko. Nikapiga hodi, mkewe akanikaribisha, mama mwembamba mwenye sauti kubwa, akanipa maji kabla ya habari. Kisha akanieleza, akijua fika kwamba mumewe anasikia kutoka chumbani. Hospitali walisema mkono unaweza kurudi akiufanyisha mazoezi. Aunyooshe, aukunje, ashike mpira. "Hataki," akasema. "Kila nikimwambia nyoosha mkono, ananijibu haitengenezwi tena. Nikimuuliza nani kasema, asema wenyewe wameshasema. Wenyewe gani? Mwanangu, mimi nimechoka na mafumbo."

Nikabaki na bilauri mkononi. Kitu kilikuwa kinapanda kichwani mwangu polepole.

Alikuwa ameketi kitanda cha kamba, amevaa kofia yake, mdomo umevutwa upande mmoja. Nikampa shikamoo. Aliitikia kwa kichwa tu. Marahaba haikutoka, na hilo ndilo lililonitoa machozi, si ule mdomo.

"Vuta pumzi," akaniambia, maneno yanaburuta miguu. "Nusu toa, nusu weka." Akauonyesha mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto. "Mimi nusu ishatoka."

"Mzee, kwa nini uliondoka?"

"Si niliambiwa? Haitengenezwi tena. Wewe ulikuwapo."

"Nilikuwapo."

"Wenye bunduki wamekataa isitengenezwe. Mimi ni nani niitengeneze kwa mlango wa nyuma?"

Ndipo lile jambo likafika juu. Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga mtu. "Mzee wangu! Yule kijana hakusema imekatazwa. Alisema kiwanda hakiundi tena bunduki za namna ile. Basi! Wameacha kuziunda. Yeye alikuwa anakungoja wewe ulete fundi. Mpaka leo anakungoja."

Alinitazama kwa jicho lile lililobaki na nguvu. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni.

"Kuunda ni kuunda," akasema mwishowe, kwa hasira, na hasira ilimsaidia ulimi. "Kutengeneza ni kutengeneza. Mbona asiseme haiundwi?"

"Huko kwetu yote ni kutengeneza, Mzee."

"Mna lugha gani ninyi?"

"Ya malori," nikasema.

Kisha akaelekeza kidevu dirishani. Palikuwa na kopo dogo la chuma, limefunikwa kwa kipande cha karatasi. Ndani, kwenye mafuta ya cherehani, ilikuwa imelala ngozi ya duara, nene, imekatwa kama kikombe, imeiva kwa kulowekwa. Nikaielewa siku ile yote, na ule mkono uliokataa kutoka mfukoni. Alikuja hotelini akiwa na dawa, akakutana na mtu anayesema mgonjwa hatibiwi.

"Mpelekee fundi wa hoteli," akasema. "Mdomo wa kikombe utazame mbele. Asiilazimishe."

"Nitampelekea. Lakini Mzee, niambie leo. Ni kweli hukuwahi kuupiga Upepo?"

Mdomo ukavutika zaidi, nikaona kwamba anacheka. "Mimi sikuupiga. Wenyewe ndio ulionipiga."

Sikupata jibu jingine, na sidhani nitalipata. Nilifunika kopo, nikaliweka kwenye mkoba, nikaanza kuaga. Hapo akaniita, "Mwanangu," na nilipogeuka aliutazama mkono wake uliolala juu ya paja kama kitu cha mtu mwingine.

"Na mimi je?"

Miaka yote nimekuwa mtu wa kuchanganyikiwa mbele ya mzee huyu, lakini mara hiyo sikuchanganyikiwa.

"Wewe hutengenezwi tena, Mzee," nikamwambia. "Lakini tutakutengeneza."

Aliligeuza lile neno kichwani, upande huu na upande ule. Akavuta pumzi. Kile kidole cha kulia, kile ambacho sikuwahi kukiona kikigusa kifyatulio, kikajikunja kidogo, kikatulia.

"Marahaba," akasema.